Mkia wa Waya

Kenyenya,
15 Novemba 1998.

Kwa ndugu yangu Makori,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaniuliza za nyumbani nakupa mwenyewe: tunapumua, majani ya chai yanachumwa, na mvua ya mwezi huu imekuja na hasira zake. Barabara ya kwenda kiwandani Itumbe ni tope tupu, na gari la kubeba majani hukwama hadi watu walisukume huku wakilitukana. Mama miguu inamsumbua jioni, lakini asubuhi ndiye wa kwanza kuingia shambani, na akitukuta tumesimama tunamwonea huruma hutuuliza kama tumekodiwa kuwa nguzo. Wewe je? Kile kidonda cha mguu kimekauka? Mchungaji Obadiah alipotoka kukuona alisema umekonda ila macho yako ni yale yale. Mama alilishika hilo la macho akalirudia wiki nzima.

Najua umeshangaa ulipoifungua barua hii ukakuta Kiswahili. Miaka yote hii ya kifungo chako barua za Mama zimekuja kwa Ekegusii, ndani ya Biblia ya Mchungaji, kwa sababu mabwana wa gereza huko mliko hawaijui lugha yetu, na barua wasiyoweza kuisoma hawairuhusu kupita. Hii imepitia mlangoni kama barua za watu wengine. Sababu yake nitaisema mwishoni. Nakuomba usirukie huko. Soma kwa mpangilio niliouandika, maana nami mambo haya yalinijia kwa mpangilio huo huo, na sikupewa nafasi ya kuruka.

Kwanza habari uliyoingojea. Mama Vivek amekubali kula kiapo kwa ajili yako. Mwezi uliopita mimi na yeye tulienda kwa wakili anayeshughulikia rufaa yako, nikaketi karibu naye kwenye benchi huku amenishika mkono kwa ule mkono wake wenye bangili nyingi. Unamjua Mama Vivek, haongei sana na watu wa ofisi. Siku hiyo aliongea. Wakili alimwomba aeleze tangu mwanzo, naye akaeleza bila kulia, na mimi ndiye niliyelia.

Alisema kwamba wiki ile ya wizi marehemu mumewe, Mzee Manubhai, alizungumza kwa simu kule juu sebuleni na shemeji yake wa Kisumu, akamwambia siku atakayopeleka mauzo ya duka benki na mahali alipoyahifadhi, kwenye stoo iliyo chini ya ngazi. Alisema chumbani hapakuwa na mtu mwingine ila Ongeri, mpishi, aliyekuwa ameleta chai. Jioni ya kuamkia siku hiyo, duka likifungwa, wale watu waliingia wakaenda moja kwa moja kwenye ngazi, hawakupekua popote. Walimpiga Mzee kwa nondo na hakufika hospitali akiwa hai. Wewe ulikutwa umefungwa kamba getini. Wezi hawakuonekana mpaka leo, ila polisi waliwachukua wewe na Ongeri, na mahakama ikasema mmoja alipeleka habari na mwingine alifungua geti, mkafungwa nyote wawili kwa njama.

Kisha akafika kwenye maneno yako. Ulisimama kizimbani ukasema wewe ni mtu wa geti, simu iko juu ghorofani, ungesikiaje? Ukasema aliyesikia anajulikana, ukanyoosha kidole. Makori, maneno hayo niliyafanya wimbo wangu. Nimeyasema kanisani, nimeyasema sokoni, nimeyasema kwa kila mtu aliyenitazama vibaya kwa kuwa mimi ni dada yako. Ni mtu wa geti, angesikiaje? Mama Vivek naye aliyapokea kutoka kwangu, na ndiyo atakayoyaapia: kwamba wewe usingeweza kusikia, na kwamba Ongeri ndiye aliyesikia. Alimalizia kwa methali, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Wakili akaandika, akasema kiapo kitakuwa tayari Jumanne hii inayokuja, na kwa kiapo cha mjane wa marehemu rufaa yako ina miguu ya kusimama. Ya Ongeri, alisema, basi tena.

Tulitoka pale nikiwa mwepesi. Nilimnunulia Mama kilo ya sukari na nikaimba njia nzima.

Sasa ya kazi. Unakumbuka nilisomea mambo ya nyaya za simu, na tangu shirika la simu lilipotupunguza nimekuwa nikijitafutia vibarua mjini, soketi hapa, kengele ya mlango pale. Vivek amerudi kutoka masomoni na kompyuta mbili. Moja ameiweka dukani kwenye kaunta, nyingine juu sebuleni, na anataka zizungumze, ili mama yake aone kule juu kilichouzwa na kilichobaki bila kushuka ngazi zile. Ngazi zile hazipendi, na wewe unajua kwa nini. Mama yake alikataa katakata kuta zisitobolewe, hasa ule wa chumba cha maombi. Vivek akakumbuka kwamba ndani ya kuta mna waya wa simu wa zamani, ambao hautumiki tangu Mzee alipofariki, kwa kuwa Mama Vivek alisema hataki kusikia simu ikilia juu tena katika maisha yake. Simu ikabaki dukani tu. Soketi za juu zilikuwa bure. Alipouliza ni nani anayeweza kuzifufua, mama yake akasema aitwe Gesare, dada ya Makori, asiitwe mtu mwingine.

Nilifurahi, sikufichi. Nyumba ile nilikuwa nikiingia kwa mlango wa nyuma kukuletea mboga ya chinsaga na ugali, nikakaa na wewe pale kwenye chumba chako kando ya geti. Sasa niliingia kwa mlango wa mbele na mkoba wa vifaa, na Mama Vivek akanipa chai yenye tangawizi kwa kikombe cha wageni. Nilijisemea kwamba Mungu ameanza kutugeuzia uso.

Simu haina maringo, wewe unajua. Simu utaipitisha hata kwenye seng'enge ya boma nayo itaongea. Kompyuta ni bibi harusi, inataka kila kitu kwa mpangilio wake: jozi moja ya nyaya ya kupeleka, jozi moja ya kupokea, na zisichanganywe. Waya wa Mzee ulikuwa na nyaya nne, yaani jozi mbili kamili, kwa hiyo nilimwambia Vivek kwamba kazi ni ya asubuhi moja. Nikabadilisha soketi ya sebuleni, nikabadilisha ya dukani, nikachomeka. Taa za kisanduku chake kidogo cha kuunganishia kompyuta zikawaka kijani. Vivek akapiga makofi. Akajaribu kupeleka hesabu ya bidhaa kutoka chini kwenda juu, ikafika nusu ikafa. Akajaribu tena, ikafa. Taa ilikuwa bado kijani, inatucheka.

Nilipima kwa testa, ikalia vizuri kila waya. Nikakasirika, maana testa ikisema ndiyo na kazi ikisema hapana, mtu huanza kujishuku akili. Nilifungua soketi zote nikaona kosa la kwanza: zilikuwa zimeungwa kwa mnyororo, ya sebuleni inaingia ya chumba cha kulala, ya chumba cha kulala inaingia ya ofisini, ndipo inashuka dukani. Kwa simu ni sawa. Kwa kompyuta ni kama kupeleka ujumbe kwa watu watatu wenye midomo mirefu. Nikazitoa za katikati, nikaunga waya moja kwa moja kwa risasi ya kuchomea na utepe. Ikawa nafuu, lakini bado ikakatika.

Kosa la pili lilikuwa la rangi za nyaya. Aliyefunga soketi ya ofisini zamani alichukua mmoja wa jozi hii na mmoja wa jozi ile akawaoza. Testa haiwezi kuliona hilo, kwa kuwa kila waya unafika unakotakiwa kufika. Nikamrudisha kila mmoja kwa mume wake. Vivek akapeleka tena hesabu yake. Sasa ilifika robo tatu, halafu ikafa.

Nilitaka kusema waya umezeeka, avunje ukuta au aache. Vivek ndiye aliyekataa. Kijana yule ana ubishi wa baba yake, lakini ubishi wa adabu. Aliketi sakafuni karibu nami akasema anadhani waya huu una mkia. Akanieleza kwamba mahali fulani kuna kipande kilichoungwa pembeni ambacho hakiendi popote, na sauti ya kompyuta ikipita inaingia kwenye kipande hicho, inagonga mwisho, inarudi na kuivuruga ile inayokuja nyuma yake. Nilimwambia nimefungua soketi zote na hakuna mkia. Akasema basi kuna mahali sijafungua. Nilimwona msumbufu. Laiti ningeshinda ubishi ule.

Nina kile kifaa cha kutia mlio: unakibana kwenye waya upande mmoja, halafu unatembea na kalamu yake ukutani, na popote waya unapopita kalamu inalia. Nikabana dukani, nikapanda. Kalamu ikalia ngazini, ikalia ofisini, ikalia sebuleni, mahali pote panapostahili. Nikaisogeza kwenye dirisha la nyuma la sebule, lile linalotazama ua, kwa kujaribu tu. Ikalia.

Hapakuwa na soketi pale. Kulikuwa na kile kijisanduku cha mbao chini ya dirisha, ambamo waya unaingia nyumbani, kimepakwa rangi ya ukuta. Mlio ulitoka pale ukashuka nje, nyuma ya bomba la maji ya mvua. Nilishuka. Nikatembea uani na kalamu mkononi, nayo inalia, hainiachi, inanifuata kama kifaranga aliyepoteza mama. Ilipita chini ya mfereji wa paa, ikapita juu ya mlango wa jiko, ikafika ukuta wa chumba cha kando ya geti. Chumba chako, Makori.

Siku hizi wanaweka makatoni ya sabuni mle. Niliyasogeza mwenyewe, nikamwambia yule anayelinda sasa kwamba natafuta njia ya waya. Pale kilipokuwa kichwa cha kitanda chako, ubao mmoja wa ukuta haukuwa na misumari. Nyuma yake mlikuwa na ncha mbili za waya, zimekwanguliwa zikang'aa. Na ndani ya tundu la tofali mlikuwa na kipande cha sikioni cha ile simu nyeusi ya zamani, ile uliyosema Mzee alikupa ukaitupe, kimefungwa kwa soksi. Soksi ya kijani. Mimi ndiye niliyekuletea soksi hizo ulipoanza kazi, kwa ajili ya baridi ya getini.

Hata hapo bado nilikutetea. Nilijiambia kwamba mtu yeyote angeweza kulala mle kabla yako au baada yako, na kwamba soksi si shahidi. Nilirudi juu, nikafungua kile kijisanduku cha mbao ili nione mkia umeungwaje.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha kule nyuma ya nyumba, akitengeneza redio za watu? Utepe aliuona ni ulaghai wa madukani, unalegea kwenye joto. Alikuwa anaunga waya, anaupaka nta ya nyuki, halafu anauviringishia ukambaa wa mgomba mkavu, mwembamba, mara nyingi, na anauingiza mwisho wake chini ya mzunguko wa kwanza. Watu walimcheka, lakini redio zake hazikurudi. Katika dunia hii aliwafundisha watu wawili tu. Mmoja ni mimi, ninayeviringisha kwenda kulia. Mwingine ni wa mkono wa kushoto, na Baba alijaribu kumgeuza akashindwa, akasema basi mwache aende kwa upande wake.

Ukambaa ulikuwa pale, Makori. Umekauka, umekuwa mweusi kwa vumbi, umeviringishwa kwenda kushoto, na mwisho wake umeingizwa chini ya mzunguko wa kwanza. Nta yake bado ilikuwa na alama ya kidole. Niliigusa kwa kidole changu. Mtu anaweza kuitilia shaka testa, na anaweza kuitilia shaka soksi. Mimi nitautiliaje shaka mkono niliokua nikiuona ukifanya kazi mbele yangu?

Niliukata. Nikaunga waya upya, nikavuta kile kipande chote kutoka nyuma ya bomba hadi chumbani kwako, nikakikunja nikakitia mkobani pamoja na ile soksi. Vivek akapeleka hesabu yake, ikafika yote, mara moja, haikusita hata kidogo. Akaniita niione. Mama Vivek akatoka jikoni akavaa miwani, akaisoma sabuni na chumvi na mafuta kwenye kioo, akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu mumewe afe. Vivek aliniuliza mkia ulikuwa wapi. Nikasema ni kipande kilichooza cha mafundi wa zamani. Akaniamini. Mama yake akanifungia chapati kwenye gazeti nimpelekee Mama, akanikumbusha Jumanne kwa wakili nisichelewe, kwa ajili ya mtoto wake Makori. Alisema hivyo, mtoto wake. Akaongeza kwamba chai uliyokuwa ukinywa getini kila jioni hakuwa akimwachia Ongeri aipike, alikuwa akiipika yeye mwenyewe.

Chapati zile sikuweza kuzila, na sikuweza kuzitupa.

Nilijaribu njia zote za kukutoa humo. Nilijiambia kwamba ulikuwa mpweke, mtu yuko getini peke yake na baridi, watu juu wanazungumza na kucheka, naye akajivutia kipande cha sauti za watu. Naamini ilianza hivyo. Nakujua, ungeweza kufanya hivyo kwa upweke na kwa kujivunia ufundi wako. Naweza hata kuamini kwamba uliropoka tu mahali fulani kwenye kilabu cha pombe ya busaa, ukitaka kuonekana unajua mambo ya tajiri, na kwamba hukujua watakuja na nondo. Yote hayo nimeyaweka kwenye mizani upande wako. Lakini kile kidole, Makori. Ulisimama kizimbani, ukijua ulichonacho nyuma ya ubao, ukamnyooshea kidole mtu aliyekuwa amebeba birika la chai. Waya unaweza kuwa wa upweke. Kidole hakikuwa cha upweke.

Sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda Sironga kwa Nyangate, mke wa Ongeri. Sikujua nakwenda kusema nini. Aliponiona kwenye njia ya kuingia bomani aliwaingiza watoto ndani akafunga mlango, kisha akasimama mbele yake na jembe. Alidhani nimekuja kumtukana, na ana haki, kwa kuwa kwenye makambi ya mwaka jana Mama alikataa kuketi benchi moja naye mbele ya kanisa zima, na mimi nilikuwa upande wa Mama. Nilimuuliza habari za mumewe. Akasema Ongeri anakohoa damu, na kwamba kila akienda kumwona humuuliza swali moja tu, kama kuna yeyote huku nje anayeanza kuamini. Humjibu kwamba wapo. Akaniambia waziwazi kwamba humdanganya.

Wewe unalala naye jengo moja. Unamsikia akikohoa. Hilo ndilo lililonishinda kabisa, nikakaa kando ya barabara nikalia kama mtoto, na watu wa Sironga wakinipita wakidhani nimefiwa.

Nilifika nyumbani Ijumaa Sabato ikiingia. Nilisubiri ipite, nisimharibie Mama Sabato yake. Leo asubuhi nilimfuata shambani, nikachuma naye mstari mzima, halafu nikamwambia yote, tangu kisanduku chenye taa hadi ukambaa. Nilimwonyesha. Hakuushika. Aliutazama tu, akaendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, nami nikadhani hakunisikia. Kikapu kilipojaa akaniuliza kama Ongeri bado anakohoa. Nikasema ndiyo. Akauliza watoto wa Nyangate ni wangapi sasa. Nikamwambia.

Nilimweleza mpango wangu. Nilisema kesho Jumatatu nitampelekea Mama Vivek kifurushi hiki cha waya na soksi kabla hajaapa, kwa sababu siwezi kumwacha mjane aape uongo juu ya jina la mumewe, uongo ambao nilimlisha mimi bila kujua. Akaitikia kwa kichwa. Nikasema ila wewe ni ndugu yangu, na damu ni nzito kuliko maji, kwa hiyo kwanza nitakuandikia kwa Ekegusii, nimpe Mchungaji Obadiah aitie ndani ya Biblia yake, ili ujue kimya kimya na upate nafasi ya kujisemea mwenyewe.

Mama alitua kikapu chini. Alisema Mama Vivek ataumia, na mtu aliyeumia anaweza kuamua kunyamaza, na Vivek ni kijana, na wakili analipwa na upande wetu. Alisema yeye alikuzaa na anakujua kuliko mimi: ukiandikiwa kwa lugha yetu utaisoma, utalia kweli kweli, kisha utaitia barua mdomoni na kuimeza, na Ongeri ataendelea kukohoa upande wa pili wa ukuta.

Basi, ndugu yangu, sasa unajua sababu niliyokuahidi. Kabla barua hii haijafika mkononi mwako, bwana wa mlangoni ameisoma, na mkubwa wake ameisoma, na huenda Ongeri ameshaitwa ofisini. Sikuandika hivi kwa chuki. Ukiona mahali wino umesambaa, usidhani ni mvua. Nitakuja kukuona siku ya wageni, na nitakuletea soksi nyingine, kwa kuwa huko nako kuna baridi. Ukikataa kutoka nje kuniona nitaelewa, nitaziacha mlangoni.

Vivek na mama yake hawana salamu za kukutumia, kwa kuwa hawajajua bado. Nyangate hana. Mchungaji atakuombea kama kawaida yake.

Mama anakusalimu sana. Ameketi hapa karibu na taa, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, ananitazama nikiandika. Nilimuuliza neno la kumalizia, akasema hana. Lakini lile la asubuhi ni lake, si langu: ndiye aliyeniambia niandike kwa Kiswahili.

Wako dada,
Gesare.